Mvua za Chiola Zilizochelewa Siku Moja

Ujumbe wa kwanza ulinikuta Tunduru, kwenye kibaraza cha fundi mwenzangu, nikiwa nimefungua simu ya mteja iliyoingia maji. Ulikuwa wa Kiingereza, na kwa Kiswahili ungetosha kwa maneno matatu: Je, bado upo?

Nilidhani ni matangazo, nikauacha. Wa pili ulikuja baada ya wiki mbili, maneno yaleyale. Wa tatu ulinikuta Masasi nikingoja gari la Nachingwea, na huo ulikuwa na sentensi ya ziada: moduli yako imehamishiwa kwenye orodha ya yatima, zile zisizo na mtunzaji, na mwisho wa mwezi huu itaondolewa.

Mimi nimehamahama tangu nilipomaliza kidato cha nne. Nimetengeneza redio Masasi, nimeflashi simu Kariakoo, nimebeba magunia Mbeya, nimekaa Songea miaka minne na mpaka leo sijui nilikuwa nafuata nini. Nyuma yangu nimeacha magodoro, baiskeli, marafiki na mchumba mmoja. Hakuna hata kimoja kilichowahi kuniandikia kuniuliza kama bado nipo. Nilisimama pale stendi na begi langu begani, nikausoma ule ujumbe mara nne.

Kuna programu moja ya kompyuta ya kutunzia kumbukumbu za mvua. Ni programu huria: haiuzwi, na mtu yeyote anaweza kuifungua akaona ilivyoundwa ndani, akairekebisha. Imejengwa na watu wa kujitolea, kila mmoja akiwa kwao, kwenye nchi ambazo mimi nazijua kwa ramani. Programu yenyewe ni kama nyumba ya vyumba vitupu. Kinachoijaza ni moduli, yaani vipande vidogo ambavyo yeyote anaweza kuviunda na kuvichomeka. Mmoja ameunda cha kusoma upepo, mwingine cha kuchora chati. Mimi niliunda kimoja tu, cha kuingiza mvua iliyoandikwa kwa mkono kwenye madaftari ya shule, na namba zenyewe za mvua zinakaa humohumo. Nilikiunda kwa ajili ya mtu mmoja.

Mtu huyo ni mwalimu wangu wa darasa la tano, kule Chiola. Mwaka alioanza kutufundisha jiografia alipata mahali fulani mkebe wa shaba uliobaki kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioacha Nachingwea tuta la reli lisilo na reli. Ulikuwa mkebe wa kupimia mvua. Tuliuchimbia nyuma ya nyumba yake, darasa zima, tukaujengea uzio wa miti ili mbuzi wasinywe. Bomba la kioo lenye mistari ya milimita aliliagiza kutoka mjini. Kisha akafungua daftari na kupanga zamu, kila mwanafunzi wiki moja.

Alikuwa mwanamke wa masharti. Juu ya kila ukurasa ilikuwa lazima kuwe na jina, tarehe na somo. Ukipeleka daftari bila hayo hakulisoma, alikurushia. "Daftari lisilo na jina si daftari," alikuwa akisema. "Ni karatasi ya kufungia karanga." Na ukimpa jibu la hesabu bila kipimo, ukasema kumi, alikutazama hadi ukatamani ardhi ipasuke. "Kumi nini? Kumi mbuzi?"

Sisi tulimaliza shule tukatawanyika. Yeye hakuacha. Madarasa mengine yalikuja yakapokea zamu, baadaye akastaafu akabaki anapima peke yake, zaidi ya miaka thelathini sasa, daftari juu ya daftari ndani ya sanduku la bati. Nilipokwenda kumsalimia mwaka juzi alinionyesha daftari moja ambalo mchwa walikuwa wamelila kutoka katikati kwenda nje. Namba zilibaki pembeni tu. Halafu akanionyesha macho yake, mtoto wa jicho ameanza pande zote mbili.

"Wewe mtoro," alisema, kwa sababu ndivyo anavyoniita tangu nilipohama, "nasikia unajua kompyuta."

"Kidogo, Mwalimu."

"Hii mvua utaniwekea wapi mchwa wasikofika?"

Ndipo nikaiunda ile moduli. Nilikaa Nachingwea miezi mitatu nikichapa mvua ya Chiola usiku na mchana, nikaituma kwenye hazina ya pamoja, nikaenda kumwambia, "Imefika, Mwalimu. Iko duniani." Alishukuru hadi akashika mikono yangu. Wiki ileile nikaenda Tunduru, nikasahau.

Kwa hiyo moduli ikiondolewa, mvua yake inaondoka nayo, na mimi nilikuwa nimemwambia imefika.

*

Nachingwea nina fremu ndogo karibu na stendi ambayo hulipia hata nisipokuwepo, labda ndicho kitu pekee ambacho sijawahi kukiacha. Nilifuta vumbi, nikawasha kompyuta yangu ambayo betri yake ilishakufa na huishi kwa waya, nikaunganisha na simu. Nikaandika neno moja la Kiingereza maana yake: Nipo.

Jibu lilikuja kabla chai haijapoa. Aliyejibu simjui hata leo, ni mwanamke au mwanamume, kijana au mzee. Mahali pa picha yake pana bata anayeogelea, basi kichwani mwangu nikamwita Mwenye Bata. Aliandika kwamba amefurahi kwamba nipo. Akasema yeye na wenzake wachache wanapitia moduli zote zilizoundwa na watu, moja baada ya nyingine, kuhakikisha kila moja ina faili la utambulisho lililokamilika, na kwamba yangu ina kasoro kumi na moja. Akaziorodhesha, kila moja na sababu yake.

Faili la utambulisho ni ukurasa mmoja tu. Halifanyi kazi yoyote, ni la kueleza: moduli hii inaitwaje, ameiunda nani, nani anaitunza sasa, ni toleo la ngapi, leseni yake inaruhusu nini, namba zake zimetoka wapi, zimepimwa kwa kipimo gani, mahali gani, saa ngapi. Mimi nilipoiunda nililichukua lile la mfano, nikajaza jina na mahali, mengine nikayaacha kama yalivyokuja. Nilikuwa naona ni urasimu, kama fomu za ofisini ambazo hakuna anayezisoma.

Kumbe kuna anayezisoma. Nilifungua kurasa za nyuma nikaona kazi ya Mwenye Bata, miaka na miaka. Moduli ya mtu wa kisiwani huko, kaambiwa leseni haijatajwa. Moduli ya mwanafunzi fulani, kaulizwa kwa upole kama toleo la tatu linasoma mafaili ya toleo la pili. Mamia. Kila mmoja kajibiwa kwa jina lake, kila kasoro imeelezwa kana kwamba ni ya kwanza duniani. Hakuna mshahara hapo, hakuna sifa. Nilisoma mpaka mwenye mgahawa jirani akaja kuchukua kikombe chake.

"Umefiwa?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Kwa nini?"

"Umekaa kama uko kanisani."

Nikampa kikombe chake. Nilikuwa nimemwona mwalimu wangu wa darasa la tano, amekaa mahali fulani duniani, na mbele yake madaftari ya dunia nzima.

Siku ile nilirekebisha kasoro tisa. Kasoro ya nne ilinifanya nicheke peke yangu. Ilisema: namba zako hazina kipimo, msomaji atajuaje kama kumi ni milimita au ni inchi? Kumi mbuzi, nikasema kimoyomoyo, nikaandika milimita.

Zikabaki mbili. Ya kumi ilitaka jina la mtu wa pili wa kuulizwa endapo mimi sitapatikana, na hiyo ilinichoma kwa sababu ilikuwa halali yangu. Ya kumi na moja sikuielewa kabisa. Ilisema hivi: tumelinganisha mvua za Chiola na za kituo cha karibu kilichopo upande wa Ruangwa, na picha za mawingu kutoka angani. Mvua zenu za mchana zinakubaliana. Zile za usiku, nyingi zinafika kwenu siku moja baadaye. Je, kuna kosa katika tarehe? Ikibaki hivyo, tutalazimika kuziwekea alama kwamba si za kuaminika.

Nilikaa nikiitazama ile sentensi. Mtu aliye mbali namna ile alikuwa ameona kwamba mvua za usiku za Chiola zinachelewa. Mimi niliyelowa katika mvua hizo sikuwahi kuliona.

*

Nilikata shauri kwamba kosa liko Ruangwa. Nilikuwa nikimjua Mwalimu. Asingekosea tarehe miaka thelathini. Nikaazima pikipiki, nikashika njia asubuhi mapema, mikorosho kulia na kushoto, na ufuta mchanga ulioanza kuchipua kwenye udongo mwekundu.

Mwenye kituo cha Ruangwa ni mkulima wa makamo ya kuelekea uzeeni, mzee wa kanisa, ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakamlea huku. Kipimamvua chake ni cha plastiki, safi, kimesimama kwenye nguzo katikati ya uwanja ambao haukubakishwa hata jani. Mtu mmoja wa kujitolea alimfundisha kutuma kipimo kila asubuhi kwa ujumbe wa simu. Nilimwamkia, nikamweleza nilikotoka.

"Ahaa," alisema, akanizunguka kunitazama vizuri. "Kwa hiyo wewe ndiye wakili wa mvua ya Chiola."

"Sijaja kugombana, mzee."

"Mimi nimeambiwa zamani, kuna kituo jirani kinapishana na changu. Nikasema, basi watakuwa wao. Huku kwetu mvua haichelewi kama basi."

"Na sisi kule tunasema ni ninyi mnaowahi."

Alicheka, akaniletea kigoda, akaleta na kitabu chake. Tukaanza kulinganisha, yeye akisoma kitabuni, mimi nikisoma kwenye simu. Mvua ya alasiri ya mwezi wa kwanza: tarehe moja. Nyingine ya saa nane mchana: tarehe moja. Halafu ile kubwa iliyokata barabara, iliyonyesha usiku kucha pande zote mbili, ambayo hakuna aliyeisahau. Yeye kaandika Jumatano. Chiola imeandikwa Alhamisi.

"Unapima saa ngapi, mzee?"

"Saa tatu asubuhi, kama nilivyoelekezwa. Nikikuta maji naandika kwenye tarehe ya jana."

"Ya jana?"

"Sasa mvua iliyonyesha usiku, umelala, ni ya lini? Ni ya jana. Ya leo bado haijanyesha."

Alisema kwa uhakika, akafunua ukurasa mwingine. Nikawa nimekaa pale na simu mkononi, na ndipo ujumbe mwingine wa Mwenye Bata ukaingia. Inaelekea na yeye alikuwa akiendelea kuhangaika na mvua zetu. Aliandika: Samahani kwa swali ambalo huenda ni la kijinga. Huko kwenu, siku inaanza lini?

Niliinuka kwenye kigoda.

Kwa sababu nililijua jibu, nililijua tangu sijaanza shule. Kwetu jua likizama siku imekwisha. Usiku unaofuata ni wa siku ya kesho. Ndivyo tulivyofunga na kufungua Ramadhani, ndivyo bibi yangu alivyohesabu arobaini ya marehemu. Mwalimu naye ametoka katika nyumba kama ile yetu. Hupima jua linapozama, kabla ya kuingia kusali magharibi, anamwaga maji, anafunga siku. Mvua yoyote itakayonyesha baada ya hapo ni ya kesho. Nilikuwa nimesimama kando ya mkebe ule nikiwa mtoto, jioni baada ya jioni, na nilipojaza lile faili la utambulisho niliona sanduku lililouliza siku inaanza saa ngapi, ndani yake kumewekwa tayari saa sita ya usiku, nikapita. Sikuona kosa kwa sababu nililelewa ndani yake.

"Mzee," nikasema, "hakuna aliyekosea."

Nikamweleza. Alifunga kitabu chake.

"Kwa hiyo mvua moja, wingu moja, kwangu ni ya jana na kwake ni ya kesho."

"Ndiyo."

"Na leo iko wapi?" Akatikisa kichwa, akacheka polepole. "Basi ni mkubwa huyo Mungu."

Nilipokuwa nawasha pikipiki alinifuata hadi njiani. Nilikuwa nimemtajia juu ya ile kasoro ya kumi, ya mtu wa pili. "Andika namba yangu," alisema. "Wewe unaonekana si mtu wa kukaa. Mvua ya huyo mwalimu ikipotea, mimi nitabishana na nani?"

*

Sikupita fremuni. Nilikwenda moja kwa moja Chiola, maana sikutaka kuwaandikia watu wale kitu ambacho sijakihakikisha. Mwalimu alikuwa ukumbini akichambua kunde kwa vidole, hatazami.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mtoro. Leo umerudi bila kuitwa?"

Nilimwambia ukweli wote: kwamba mvua yake ilifika lakini inaweza kurudishwa, na kwamba kosa ni langu kwa kuondoka bila kumalizia. Aliendelea kuchambua kunde. Nikamuuliza kwa nini hakupima asubuhi kama vitabu vinavyosema.

"Asubuhi nilikuwa darasani, nanyi mlikuwa mnafagia. Tena," akasema, kana kwamba anarudia somo, "utafungaje siku ambayo haijaisha?"

"Madarasa yote yalipima jioni? Hata ulipokwenda msibani, ulipougua?"

"Fungua sanduku uone."

Nilifungua. Nilikuwa nimeyachapa madaftari yale yote, lakini nilikuwa nachapa kwa haraka, macho yakifuata namba tu. Safari hii niliyasoma. Kila ukurasa, juu, jina la aliyepima, tarehe, somo. Somo ni Mvua. Pembeni, kwa mwandiko wake mdogo, maneno ambayo sikuyachapa: "Jioni, magharibi." "Leo kapima jirani, mimi msibani Mnero." "Mkebe uliinamishwa na mbuzi." Na hapa na pale, kando ya namba, nukta ndogo ya penseli.

"Mwalimu, hizi nukta ni nini?"

"Nukta ya penseli? Hizo ni mvua nisizoziamini."

Kule kwenye programu, kila kipimo kina sanduku la kuweka alama ya shaka. Wataalamu walilijadili kwa kurasa nyingi: alama iwe ipi, nani aruhusiwe kuiweka, kwa nini namba yenye shaka isifutwe bali ibaki na alama yake. Mwanamke huyu aliyafikia hayo peke yake, kwa penseli, nyuma ya nyumba.

Nikafungua daftari la kwanza. Mwezi wa pili, sifuri tatu mfululizo, kila moja na nukta yake. Mwandiko niliutambua kabla sijasoma jina.

"Hizo za daftari la kwanza," alisema, maana alisikia nimeacha kufunua, "zamu ya nani?"

"Ya kwangu."

"Ulikuwa uwanjani unacheza mpira. Ukaja siku ya nne ukaandika sifuri tatu, na nguo zangu zilikuwa kambani zinachuruzika."

"Mbona hukunichapa?"

"Ningekuchapa ungejifunza kuandika uongo mzuri zaidi. Nikaweka nukta."

Tulicheka. Kwa miaka thelathini na kitu nilikuwa nimehesabiwa mwongo, na namba yangu haikufutwa, iliachwa palepale, ikingoja.

*

Nilimwandikia Mwenye Bata: siku yetu inaanza jua linapozama. Nikataka kuandika saa kumi na mbili jioni kwenye lile sanduku na kumaliza, maana zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili tu za mwezi. Programu iliikubali namba ile.

Mwenye Bata hakuikubali. Alisema: jua halizami saa ileile mwaka mzima, hata kwenu. Ukiandika hiyo saa utakuwa umeandika kitu kilicho karibu na ukweli, nasi tutakuwa tumekulazimisha. Sanduku letu ndilo lenye kasoro. Tuliuliza saa, ilhali tulitakiwa kuuliza siku.

Akalipeleka jambo hilo kwenye mkutano wao, ambao si mkutano wa kukaa. Ni watu kuandikiana. Nilisoma kila neno na kamusi pembeni. Mmoja alipinga, akasema kanuni haiwezi kubadilishwa kwa ajili ya kituo kimoja. Mwingine akauliza programu itajuaje jua linazama lini. Akajibiwa kwamba hilo hukokotolewa kutokana na mahali na tarehe, na mtu ambaye hatukuwahi kumsikia akaleta hesabu yake imekamilika, na majaribio yake. Siku zikawa tisa, zikawa saba. Nilikuwa nikiamka na kufungua simu kabla ya kunawa uso.

Ndipo akaandika mtu wa nchi nyingine kabisa, mbali nasi. Alisema hata kwao siku huanza jua linapozama. Alisema kwa miaka mingi amekuwa akiandika saa sita ya usiku kwenye sanduku lile, na kila mwaka mvua zake zikionekana na kasoro alidhani ni yeye asiyejua kupima.

Baada ya huyo hakuna aliyepinga tena.

Zilipobaki siku nne, sanduku lile lilibadilishwa. Sasa ukilifungua, chini ya orodha ya saa kuna neno moja la nyongeza: machweo. Mtu yeyote duniani anayetaka kuweka mvua yake analikuta. Faili la mabadiliko linaeleza sababu kwa mstari mmoja: vituo ambavyo siku yake huanza jua linapozama, kwa mfano Chiola. Nililisoma jina lile kwenye skrini, jina la kata yetu, na nikatoka nje ya fremu nikasimama juani mpaka nikajisikia kuweza kurudi ndani.

Nilichagua machweo. Nikaweka nukta za penseli zote, moja moja, kwenye sanduku la shaka, zangu tatu zikiwa za kwanza. Nikaandika namba ya mzee wa Ruangwa. Siku mbili kabla ya mwezi kuisha, lile neno yatima liliondolewa kwenye moduli yangu.

*

Nilikwenda kumwambia siku iliyofuata, jioni. Nilikuwa nimeshaongea na dereva wa gari la Songea, niondoke alfajiri. Mwalimu alisikiliza yote. Nilipofika kwenye neno machweo aliniambia nirudie, kisha akaweka mikono juu ya kanga yake.

"Watu wangapi walikaa kujadili hilo?"

"Kama ishirini, Mwalimu. Wengine usiku kwao."

"Kwa ajili ya mkebe."

"Kwa ajili ya mkebe."

"Nipeleke basi. Jua linazama."

Tulikwenda nyuma ya nyumba, yeye ameshika bega langu. Uzio ulishabadilishwa mara nyingi, shaba imekuwa ya kijani, lakini mkebe ulikuwa palepale tulipouchimbia. Alitoa chupa ya ndani kwa mazoea, akamimina kwenye bomba la kioo, akaliinua mbele ya uso wake, akalisogeza karibu, akalipeleka mbali. Niliona kwamba haioni mistari. Akanipa.

Nikaliweka usawa wa macho, kama alivyotufundisha. "Saba na nusu."

Aligeuza uso tu upande wangu.

"Milimita, Mwalimu. Milimita saba na nusu."

"Haya. Mwaga. Andika."

Nilimwaga, nikarudisha chupa ndani ya mkebe. Nilikuwa bado naandika tarehe juu ya ukurasa tone la kwanza lilipodondoka kwenye daftari, kisha la pili, kisha mvua ikashuka kwa kishindo juu ya bati na juu ya mikorosho. Niliinua mkono kuukinga ule ukurasa, nikataka kurudi mkebeni kuongeza kipimo.

"Usiiguse," alisema Mwalimu, akielekea mlangoni kwa kupapasa ukuta. "Jua limeshazama. Hiyo ni ya kesho."

Nilisimama kwenye mvua nikiwa na bomba la kioo mkononi. Halafu nikaingia ndani, nikampigia dereva wa Songea kumwambia asiningoje.